Wimbo Usio na Mwimbaji

4 Februari

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, na bado sijui nifurahi au niogope. Chiriku anakuja kukaa nami kuanzia mwezi wa tano! Fundi Redio, jirani yangu wa ukuta, nilimwambia kabla hajamaliza kufungua duka lake. Kisha nikarudi kwenye cherehani, nikaweka mguu juu ya kanyagio, nikakaa tu bila kushona.

Nitazungumza naye nini? Mlipoondoka hapa alikuwa hajajua hata kutambaa. Sasa ana miaka tisa, na wewe mwenyewe umesema Kiswahili chake ni cha kusikia zaidi kuliko kusema. Akitaka kusema jambo la maana anakimbilia Kiingereza. Mimi Kiingereza nilikisoma mpaka kidato cha nne, nikafaulu, nikakitundika kabatini kama gauni la harusi. Juzi nimejaribu kukivaa, hakipandi mabegani. Ile siku ya simu nilimsalimu, nikasikia pumzi yake. Akasema "Bibi." Nikasema "Naam." Tukanyamaza wote wawili mpaka ukachukua simu. Na huyu ndiye mtoto niliyempa jina la Chiriku kwa domo lake!

Umesema anaimba kutwa nzima. Basi nimefikiri hivi. Niandikie maneno ya nyimbo anazozipenda, moja moja. Nitajifunza maneno yake na sarufi yake, nitakuandikia tafsiri yangu, nawe utaisahihisha kwa wino mwekundu na kunirudishia. Usinionee huruma. Na tufanye kwa barua. Simu nasikia nusu, na nusu yenyewe ni ya cherehani.

Jambo moja. Hukusema anakuja kwa muda gani.

Mama yako


15 Februari

Shikamoo Mama,

Nimecheka peke yangu pale kazini, katikati ya mashuka ya hoteli yanayosubiri pasi, mpaka msimamizi akauliza kulikoni. Nikamwambia mama yangu anaanza shule.

Nimekuwekea wimbo wa kwanza. Chiriku ameuandika mwenyewe, mimi nimekagua tahajia. Anauimba bafuni, anauimba akifunga viatu. Ameshangaa sana kusikia kwamba unataka kuujua. Aliniuliza, "Bibi anasikiliza muziki?" kana kwamba nimemwambia unacheza mpira.

Kuhusu muda: kazini wametuchagua wachache kwenda mafunzo ya mashine mpya. Ni mji mwingine, tutalala bwenini, na watoto hawaruhusiwi. Itakuwa kama miezi mitatu. Naomba umshonee sare za shule mbili, maana itabidi aingie darasani huko huko asirudi nyuma. Vipimo vyake vipo nyuma ya karatasi hii. Weka pindo refu, inchi nne, anakua haraka. Na akifika usimuulize maswali mengi, Mama. Ni mtoto wa kukaa na mambo yake moyoni.

Mimi ni mzima. Nimepungua kidogo tu kwa sababu ya kazi.

Binti yako


26 Februari

Mwanangu,

Tafsiri yangu ya wimbo wa kwanza ipo kwenye karatasi ya pili. Hapa nakupa habari zake.

Huyu kijana anabisha mlango kwenye mvua. Ubeti wa pili, bado anabisha. Kwenye kitikio anaomba afunguliwe, na anaomba mara nyingi kiasi kwamba kama mlango ungekuwa wangu ningemfungulia nipate kulala. Kwani hana kazi? Hata hivyo amenifundisha mengi. Nimejua mvua, mlango, kubisha, kungoja, na namna ya kumwamrisha mtu kwa upole.

Fundi Redio ameupata wimbo huo kwenye kanda zake, ananipigia kila asubuhi. Maneno ya wiki nayaandika kwa chaki kwenye meza ya kukatia ili niyaone nikifanya kazi. Sasa juzi, kwa kusahau, nilitandika juu yake kitambaa cheusi cha suti ya karani wa benki. Alipokuja kujaribu koti, mgongoni mwake palikuwa na maneno "nifungulie, mpenzi", kinyumenyume kama kwenye kioo. Fundi Redio akasema, "Fundi mwenzangu, mkewe akiyaona hayo, kesi si ya karani tena, ni yako." Karani hakucheka.

Nimeona tatizo moja kubwa. Kiingereza cha nyimbo hakina jiko wala sabuni. Najua kusema "nitakufa bila wewe", sijui kusema "leta sufuria". Mtoto akifika akasema ana njaa, nitamwambia moyo wangu unawaka moto.

Sare nimezikata. Lakini mwanangu, mimi kazi yangu ni pindo. Mtoto wa miaka tisa huwezi kumwekea inchi nne kwa ajili ya miezi mitatu. Pindo hilo ni la miaka miwili. Au ulikosea kuandika?

Na kupungua kidogo ndiyo kiasi gani? Nguo zinakupwaya wapi, kiunoni au mabegani?

Mama yako


9 Machi

Shikamoo Mama,

Karatasi yako nimeisahihisha, utaona wino. Umepata zaidi ya nusu. Makosa mengi ni ya wakati: yule kijana alikuwa anabisha, siyo anabisha. Ni mambo yaliyokwisha. Anaimba akiwa ameshaondoka zake.

Pindo acha hivyo hivyo. Ni kwa usalama tu. Nguo zinanipwaya kote, ndiyo mtindo.

Chiriku amependa sana habari ya karani. Amenilazimisha niirudie, akaniuliza kama unaweza kumwandikia na yeye mgongoni. Tangu hapo naona ameanza kukungoja, na hilo limenipunguzia mzigo.

Nimeweka wimbo wa pili, ni mwepesi, msichana anacheza jikoni, kwa hiyo sufuria utaipata. Na kuna karatasi ya tatu, ameitia mwenyewe akaibandika kwa gundi. Kasema ni wimbo mwingine, wa kwako peke yako, mgumu zaidi. Sijaifungua, sikutaka kumharibia. Siku hizi nikirudi nakaa kwenye kiti cha kwanza ninachokikuta, na viatu navua baadaye.

Binti yako


20 Machi

Mwanangu,

Wa jikoni nimeumaliza kwa siku mbili. Huo wa gundi umenitoa jasho. Nimeukalia wiki nzima na kamusi ya kuazima. Nakuandikia tafsiri yote hapa, usahihishe kwa makini, maana huu ndio nimeupenda kuliko yote.

Mama anafunga mlango akipiga simu,
anafungulia bomba ili nisisikie.
Amesema anakwenda kusoma
lakini begi lake lina nguo za kulalia na ndala.

Enyi watu wa chumba cheupe,
mkimaliza kumtazama, mrudisheni.
Mimi natumwa nisikojua maneno,
kiatu kimoja ndani ya sanduku.

Nikiuliza anatabasamu kwa meno tu,
kwa hiyo siulizi.
Nani ataniambia
ikiwa anayejua ameamua kunyamaza?

Hiyo "kiatu kimoja" nilidhani nimekosea, nikarudi kwenye kamusi, nikakuta ndiyo hiyo hiyo. Basi nikaelewa kwamba ni mtu aliyeachana na mwenziwe. Nadhani ni wimbo wa hawa vijana wanaohama kutafuta maisha. "Mama anakwenda kusoma" sijui inaingiaje, labda kwao watu wazima wanasoma.

Mwimbaji wake ni nani? Fundi Redio hakuupata kwenye kanda wala kituo chochote. Kwa vile hakuna sauti ya kufuata nimeutungia yangu, ya taratibu, inakwenda na pedali. Nauimba kwa Kiingereza nikishona. Juzi wateja watatu walikuwa kwenye benchi, mmoja akaniomba nirudie, na mwingine, ambaye Kiingereza anakijua vizuri, alifuta macho akasema ana mafua. Mwambie Chiriku wimbo wake umeshafika sokoni.

Wewe hujasema kitu kuhusu mafunzo. Yanaanza tarehe gani? Mji gani? Mtu akiniuliza binti yako yuko wapi, nitajibu nini?

Mama yako


30 Machi

Mama,

Wimbo huo usiuimbe tena. Tafadhali.

Umeutafsiri vizuri. Sikuwa na mahali pa kuweka wino.

Nitaandika.

Binti yako


8 Aprili

Mwanangu,

Barua yako ya mistari mitatu nimeisoma mara nyingi kuliko zote ulizowahi kuniandikia.

Mwanzo nilidhani nimekuaibisha, kwamba pengine mna matusi ndani yake nisiyoyajua. Nikaipeleka ile karatasi kwa Fundi Redio. Nikamwambia, "Wewe umekaa na nyimbo miaka yote. Hebu niambie kuna ubaya gani humu." Akaisoma polepole, midomo ikicheza. Akasema, "Nimewauliza wenzangu wote wenye kanda. Huu wimbo hauna mwimbaji." Nikasema kila wimbo una mwimbaji. Akasema, "Tazama hapa. Amefuta kwa ufutio akaandika neno jingine kabisa. Mtu anayenakili akifuta, anafuta herufi. Huyu hakuwa ananakili, fundi mwenzangu. Huyu alikuwa anatunga."

Nikaipeleka karatasi dirishani, nikaiinua kwenye mwanga. Pale alipoandika "chumba cheupe", chini yake neno la kwanza bado linaonekana. Ameandika "hospitali".

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Fundi Redio akazima redio zake zote, na unajua hajawahi kuzizima mchana. Akaniuliza kama aniletee maji. Nikamwambia aniache.

Nguo za kulalia na ndala. Pindo la miaka miwili. Mafunzo yasiyo na mji. Nguo zinazopwaya kote. Nimeviweka pamoja, na vimekaa mwilini mwako sawasawa. Na mimi nimekuwa nikiimba! Nimekaa dukani nikiimba maumivu ya mtoto wangu na ya mjukuu wangu, watu wakinisifu sauti.

Ipo methali ya mtu anayeficha maradhi. Unaijua. Mimi siimalizii.

Niambie ni kitu gani, kiko wapi mwilini, na wamesema nini. Usinihurumie. Presha yangu ninaimudu kwa dawa. Ukimya wako sina dawa yake.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Chiriku. Nimeiandika kwa Kiingereza bila kamusi. Sentensi zangu mwenyewe sina, kwa hiyo nimekata vipande vya nyimbo nikaviunga kama blanketi la mabaki. Maana yake ni hii, usije ukashtuka:

"Mpenzi wangu (nyimbo zote zinaanza hivyo, sijui namna nyingine), nimeusikia wimbo wako. Nilikuwa mzito, sikusikia mara moja. Ulikuwa unabisha kwenye mvua. Sasa nimefungua. Niambie tena, polepole."

Usimpe kabla hujazungumza naye. Lakini mpe.

Mama yako


17 Aprili

Shikamoo Mama,

Ni uvimbe. Uko tumboni, upande wa kushoto. Waliugundua mwezi wa kwanza. Wanataka kuutoa tarehe 12 Mei, na ukishatoka ndipo wataupima kujua ni wa aina gani na kama umeacha mizizi. Mpaka siku hiyo hakuna anayejua, hata daktari. Ndiyo maana nilitaka pindo refu. Sikuweza kuandika sababu yake, nikaandika inchi.

Sikukuambia kwa sababu najua ungefunga duka siku ile ile, na nilikutaka ukiwa umesimama kwa ajili yake. Yeye sikumwambia kwa sababu ana miaka tisa. Nilidhani nimewazungushia ukuta wote wawili. Kumbe ukuta wenyewe una dirisha, na mtoto alikuwa ameketi hapo muda wote.

Nilizungumza naye Jumapili. Nilimwonyesha tafsiri yako, akaitambua kabla sijamsomea, kwa mpangilio wa mistari. Akaigeuza kifudifudi juu ya meza. Nikamuuliza, kwa nini ulimwandikia Bibi na si mimi? Unajua alijibu nini? "Nilidhani Bibi hataweza kuusoma."

Nikamwambia sielewi. Akasema alitaka kumwambia mtu, lakini mtu asiyejua. Alitaka tu liwe limetoka, halafu likae kwako kabatini, salama, ukidhani ni wimbo. Mama, mtoto huyu alitafuta mahali pa kuweka siri akachagua masikio yako kwa sababu aliamini yamefungwa. Nawe usiku na mchana ulikuwa unayafungua.

Alilia, nikalia, tukapika chai tukasahau kuinywa. Nilimpa barua yako. Ameisoma, akacheka kidogo kwa ile "mpenzi wangu", halafu akaikunja akaiweka ndani ya soksi. Sasa limezuka jingine. Hataki kusafiri. Amesema nikimpeleka kwenye basi atashuka kituo cha kwanza. Anasema akiwa mbali watamwambia uongo tena, na safari hii uongo mzuri zaidi. Na ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Jirani mmoja amejitolea kumwangalia, lakini anafanya kazi za zamu kama mimi. Mama, sijui la kufanya. Naandika huku nimeshika ubavu.

Binti yako


24 Aprili

Mwanangu,

Asiletwe. Nakuja mimi.

Nimegawa nguo za watu, zilizokwisha na zisizokwisha. Funguo za duka anazo Fundi Redio. Ameapa hataweka redio mbovu juu ya meza yangu, na najua ataweka. Sare za shule nakuja nazo, za nini sijui, lakini siwezi kuziacha zinaning'inia.

Nitafika kabla ya tarehe yako. Mwambie Chiriku nakuja na maneno machache na yote ni ya mapenzi, anivumilie.

Mama yako


14 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua hii Bibi atakuletea wodini kwa sababu watoto hawaruhusiwi. Nimeiandika kwa Kiswahili. Bibi amesema mimi niandike Kiswahili na yeye aongee Kiingereza, ili tuumie sawasawa. Niliyoiandika kwanza ilikuwa imejaa wino mwekundu. Hii ndiyo safi. Lakini amesema hatasoma hii, na amegeuka ukutani ili nione kwamba hasomi.

Tunakula vizuri. Bibi anamwita kila mtu mpenzi. Amemwita dereva wa basi mpenzi. Amemwita yule baba mkali wa duka la chini mpenzi, na yule baba akatupa mkate wa jana bure. Nilitaka kuingia chini ya kaunta. Amenisimulia kwamba mpakani askari alimuuliza amekuja kufanya nini, na maneno yote yakamkimbia, ukabaki mstari mmoja wa wimbo, ule wa "nimetembea njia yote hii nikushike mkono." Askari akauliza tena. Bibi akarudia, safari hii na sauti yake ya wimbo. Watu wa nyuma kwenye foleni wakaanza kukohoa. Askari akagonga muhuri haraka.

Amenifundisha kuingiza uzi kwenye sindano bila kulamba uzi. Mimi nimemfundisha ndoo, ufagio, sabuni na "funga dirisha".

Mama, sasa nauliza. Jana Bibi alirudi kutoka kwako akasema, "Mama yako amelala vizuri." Halafu akachukua pasi akaanza kupiga pasi nguo ambazo hazina mikunjo. Akapiga pasi taulo. Akapiga pasi soksi zangu. Nikamuuliza daktari amesema nini. Akasema kwa Kiingereza kwamba maneno ya daktari hayamo kwenye nyimbo alizosoma, hakuyaelewa. Labda ni kweli. Lakini alisema bila kunitazama.

Je, wameutoa wote? Tafadhali usiandike "usijali". Tafadhali usichore ua, kama unavyochora kila ukitaka nisiulize.

Chiriku


15 Mei

Chiriku wangu,

Nilikuwa nimeandika barua nyingine, nzuri kuliko hii. Nimeichana. Ilikuwa na ua.

Usimkasirikie Bibi. Daktari aliongea haraka, na maneno yake ni magumu hata kwangu. Lakini aliyaelewa ya kutosha, na mimi ndiye niliyemwomba asikuambie mpaka nipate nguvu ya kushika kalamu. Kosa la soksi kupigwa pasi ni langu.

Sasa nakuambia kama nilivyoambiwa. Wameutoa uvimbe. Ulikuwa mkubwa kuliko walivyodhani. Sehemu moja ilikuwa imeshikana na mahali ambapo hawakutaka kukata sana, wakakata kidogo, wakaacha kidogo. Kile walichotoa wamekipeleka kupimwa. Kama ni kibaya, nitahitaji dawa kali kwa miezi mingi, nywele zitanyonyoka na nitakuwa dhaifu. Kama si kibaya, nitarudi nyumbani nikiwa na mshono tu. Majibu yatatoka Alhamisi. Kabla ya Alhamisi hakuna anayejua, si daktari, si Bibi, si mimi. Hakuna aliyekuficha, kwa sababu hakuna aliye na jibu la kuficha.

Naogopa. Mshono unauma nikicheka, kwa hiyo mwambie Bibi asinisimulie tena habari ya askari.

Alhamisi nikiambiwa, nitamwambia Bibi mbele ya kitanda changu, na yeye atakuambia wewe siku hiyo hiyo, kabla hajavua viatu. Tumekubaliana hivyo, ameniapia.

Mama yako


16 Mei

Mama,

Nimesoma. Nimesoma mara mbili, halafu nimempa Bibi naye akasoma, halafu akaweka pasi chini.

Tulikaa kitandani kwako. Sikulia mara moja, nililia baadaye. Bibi hakuniambia ninyamaze. Alisema kwa Kiingereza, "Na mimi pia," na hilo halikuwa la wimbo wowote, nimekagua.

Zamani nilikuwa naogopa simu ikilia. Niliogopa maji yakifunguliwa bafuni. Niliogopa begi lako, na bahasha, na ukitabasamu, na ukiacha kutabasamu. Nikiwa darasani niliogopa bila kujua ninaogopa nini, nikawa naangalia mlango.

Leo asubuhi simu ililia, nikaipokea. Alikuwa mtu amekosea namba.

Sasa naogopa Alhamisi tu.

Chiriku